Bima ya Afya na Dhamiri ya Muumini: Funzo Kutoka Marekani

Yafuatayo ni maneno ya Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, ulioitishwa kutoa elimu juu ya Bima ya Afya kwa Wote. Yanachapishwa kwa ombi la Kamati ya Maendeleo ya Kata.

    



Majuma matatu yaliyopita tulipita vijijini kueleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023. Katika mkutano mmoja mzee wetu alisimama akaniuliza: “Mwanangu, nikitoa mchango wangu katika mfuko, na mfuko huo ukamlipia mtu njia ya uzazi wa majira ambayo dini yangu inaikataza, je, mimi sitakuwa nimeshiriki?” Baadhi ya watu walicheka. Mimi sikucheka, wala sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Swali hilo, kwa sura mbalimbali, limefika mara tatu mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, na mara zote tatu halikumalizika. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Naomba leo tutazame jinsi wenzetu walivyonyolewa.

Kwanza tuelewe mfumo wao. Marekani, watu wengi wasiofikia uzee hupata bima ya afya kupitia kwa mwajiri. Desturi hiyo ilistawi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Serikali ilipozuia kupandisha mishahara, na waajiri wakaanza kuwavuta wafanyakazi kwa kuwaahidi bima. Hivyo mwenye kampuni akawa amesimama mlangoni, kati ya mfanyakazi na daktari.

Mwezi Machi 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria kubwa ya bima ya afya. Sheria hiyo iliagiza kwamba bima igharimie huduma za kinga bila mgonjwa kuchangia chochote anapotibiwa. Mwaka 2011, baada ya wataalamu wa tiba kutoa mapendekezo yao, Serikali ilitamka kwamba njia zote za uzazi wa majira zilizoidhinishwa kwa wanawake zimo katika huduma hizo. Makanisa yenyewe yalisamehewa. Baadaye taasisi za kidini kama hospitali, vyuo na nyumba za wazee zilipewa utaratibu wa kati: taasisi ijaze fomu kueleza pingamizi lake, kisha kampuni ya bima imlipie mwanamke moja kwa moja, bila taasisi kutoa hata senti. Kampuni za biashara hazikupewa nafuu hiyo.

Hapo ndipo ilipozuka kesi ya kwanza. Hobby Lobby ni kampuni ya maduka ya vifaa vya ufundi na mapambo, inayomilikiwa na familia moja ya Kikristo ya jimbo la Oklahoma, na wakati ule ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 13,000. Familia hiyo haikupinga uzazi wa majira kwa ujumla. Katika njia 20 zilizoorodheshwa, ilikubali kugharimia 16 na kukataa 4: aina mbili za vidonge vya dharura na aina mbili za kitanzi. Iliamini kwamba njia hizo zaweza kuzuia yai lililokwisha kutungwa lisijishike katika mji wa mimba, na kwao huko ni kuutoa uhai. Wataalamu wengi wa tiba walilipinga dai hilo. Mahakama, hata hivyo, ilisema kwamba kazi yake si kupima kama imani ya mtu ina mantiki. Kazi yake ni kujua kama ni imani ya kweli moyoni mwake. Na faini iliyoikabili familia hiyo haikuwa ndogo: ilikadiriwa kufikia dola milioni 475 kwa mwaka.

Tarehe 30 Juni 2014, majaji watano dhidi ya wanne waliipa kampuni ushindi. Walitumia sheria ya mwaka 1993 inayoizuia Serikali Kuu kumtwisha muumini mzigo mzito wa dhamiri ikiwa ipo njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo lake. Jaji Samuel Alito alieleza kwamba njia nyepesi ilikuwapo: ule utaratibu wa fomu uliokwisha kupewa taasisi za dini. Upande wa pili, Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwamba imani ya mwajiri isiwe mzigo juu ya maelfu ya wafanyakazi wasioishiriki. Alikumbusha pia kwamba gharama ya kuwekewa kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa mtu anayelipwa kima cha chini.

Ndugu zangu, mtu angedhani mambo yameisha: fomu ijazwe, bima ilipe, kila mmoja abaki na dhamiri yake. Hayakuisha. Masista Wadogo wa Maskini, watawa wa Kikatoliki wanaotunza wazee fukara, pamoja na taasisi nyingine za dini, walisema kwamba hata kuijaza fomu hiyo ni kulifungua lango wanaloamini halifai kufunguliwa. Kesi hiyo iliposikilizwa majaji walikuwa wanane tu, kwa kuwa mmoja wao alikuwa amefariki. Mwezi Mei 2016 waliirudisha katika mahakama za chini na kuzitaka pande zote zitafute mapatano. Mwaka 2017 Serikali mpya ilipanua msamaha ukawafikia waajiri wengi zaidi, na tarehe 8 Julai 2020 Mahakama ikasema, kwa kura saba dhidi ya mbili, kwamba Serikali ilikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Kwa makadirio ya Serikali yenyewe, wanawake kati ya 70,500 na 126,400 wangeweza kupoteza huduma hiyo katika bima zao.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusikilizwa. Watawa wale hawakuwa watu wa hila. Wametumia maisha yao kuwaogesha na kuwalisha wazee wasio na mtu. Na yule mfanyakazi wa dukani, ambaye labda daktari amemwonya kwamba mimba nyingine itahatarisha maisha yake, naye hakuwa mtu wa kupuuzwa. Kosa la mfumo wao lilikuwa kuwafunga wawili hawa kamba moja, hata mmoja asiweze kusogea bila kumvuta mwenzake.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Katika hukumu za Marekani ipo moja ya zamani inayolikaribia swali lake kuliko hizi. Hukumu hiyo ya mwaka 1982 ilimhusu mwajiri mmoja wa madhehebu ya Waamishi, ambao kwa imani yao ndugu hutunzana wao kwa wao, aliyekataa kuchangia mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii kwa ajili ya wafanyakazi wake. Majaji wote walikubali kwamba imani yake ni ya kweli, na wote wakasema kwamba ni lazima achangie. Hoja yao ilikuwa kwamba mfuko wa umma hauwezi kusimama iwapo kila mchangiaji ataruhusiwa kuondoa sehemu yake kwa kuwa fedha zimetumika katika jambo asiloliridhia.

Kwa upande wa sheria, basi, mzee wangu, anayetia fedha katika chungu cha wote hahesabiwi kuwa ndiye aliyempakulia kila anayekula. Kwa upande wa dini sina mamlaka ya kusema, na viongozi wetu wapo hapa. Wao wenyewe wanajua kwamba dini hazisemi kwa kauli moja. Kanisa Katoliki lilithibitisha mwaka 1968, kwa waraka wa Papa Paulo VI, kwamba halikubali njia zisizo za asili. Maaskofu wa Kianglikana walikwisha kulegeza msimamo wao tangu mwaka 1930. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaruhusu njia za muda kwa ridhaa ya mume na mke. Katiba yetu, Ibara ya 19, inamlinda kila mmoja wao katika imani yake.

Kwetu Tanzania mwajiri hasimami mlangoni kama kule. Sera ya Serikali ni kwamba huduma za uzazi wa majira hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Lakini tusijisifu mapema, kwa maana sisi tunao mlango wetu mwingine. Tangu zamani, hospitali za mashirika ya dini zimebeba mzigo mkubwa wa tiba vijijini, na baadhi yake, kwa makubaliano na Serikali, ndizo hospitali teule za wilaya. Bila hizo wengi wetu tusingekuwa hai. Baadhi yake hazitoi njia za kisasa za uzazi wa majira. Ni haki yao. Swali ni hili: mwanamke anayefika pale baada ya kutembea saa mbili huambiwa nini?

Niruhusuni nieleze jambo moja bila kutaja mtu wala kituo. Mama mmoja mwenye watoto watano, ambaye uzazi wake wa mwisho ulikuwa wa kufanyiwa upasuaji, alikwenda kituo cha dini kuomba sindano ya majira. Alijibiwa: “Hapa hatutoi.” Jibu lilikuwa la kweli, nalo lilikomea hapo. Hakuna aliyemwambia kwamba zahanati ya kijiji cha pili inatoa, tena bure. Alirudi nyumbani akiamini kwamba huduma hiyo imefutwa. Baada ya miezi minne alirudi kituoni hapo akiwa mjamzito, na tukamwuguza kwa hofu hadi siku ya kujifungua. Yu hai, namshukuru Mungu. Lakini kosa halikuwa la muuguzi peke yake. Halmashauri, nami nikiwemo, hatukuwa tumeandika popote ni kituo gani kinatoa nini. Mbao zetu za matangazo zilijaa zabuni na ratiba za vikao.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu, ili Kamati ya Maendeleo ya Kata iyajadili.

Kwanza, kila kituo katika kata hii, cha umma na cha dini, kibandike orodha ya huduma kinazotoa na zile kisizotoa, pamoja na jina la kituo cha karibu zinakopatikana. Pili, tukae na viongozi wa vituo vya dini tukubaliane namna ya kumwelekeza mama bila kumlazimisha mtumishi kufanya anachokiona ni dhambi. Ikiwa kuandika rufaa kunaigusa dhamiri yake, kama fomu ilivyowagusa masista wale, basi ubao ukutani na mhudumu wa afya wa kijiji watoe maelezo badala yake. Tatu, zahanati za umma zisikose dawa hizo. Pingamizi la jirani halitamwumiza mtu ikiwa sisi wenyewe tuna akiba rafuni.

Msimamo wangu, nanyi mnaweza kuupinga, ni kwamba dhamiri ya mtoa huduma iheshimiwe, na gharama yake isibebwe na mgonjwa peke yake. Tuigawane sisi sote: Halmashauri kwa fedha, vituo kwa ukweli, wakazi kwa kuulizana na kuelekezana bila kusutana.

Mzee aliyeniuliza swali yuko hapa, ameketi mstari wa mbele. Nilipompitia nyumbani jana kumweleza haya, aliniambia bado ana shaka, na kwamba atamwuliza imamu wake. Nimeona ni sawa. Kisha akaongeza kwamba binti yake naye hakujua zahanati ipi inatoa huduma hiyo.

Maoni yenu yapelekwe kwa Mtendaji wa Kata, kwa maandishi au kwa mdomo, kabla ya kikao kijacho cha Kamati.