Msuku, Mti Usio na Mwenyewe

Mvua za kwanza zinapokwisha kuteremka juu ya milima ya Matogoro, hazipiti siku nyingi kabla wauza masuku hawajajipanga kandokando ya barabara iendayo Namtumbo, visado vyao vimejaa hata vifuniko havifungi, na kila apitaye husimama, akainama, akalibonyeza tunda kwa kidole gumba kabla hajathubutu kuuliza bei. Akilipata lililoiva vema, huyo hasubiri kufika nyumbani: ganda la rangi ya kahawia hulipasua kwa meno, na nyama ile ya manjano, tamu na yenye kunata, huifyonza kokwa kwa kokwa.

Rehema kubwa ya msuku, ambao wenzetu wa mikoa mingine huuita mkusu, ni wakati wake. Sisi wa Ungoni tuna msimu mmoja tu wa mvua, na matunda haya, yenye sukari maridhawa na vitamini C, huiva baina ya Novemba na Januari, ilhali ghala zimekwisha kupungua na mahindi mapya ndiyo kwanza yanaota. Wazee wetu waliijua thamani hiyo kwa uchungu. Katika Vita vya Majimaji, mwaka 1905 hata 1907, majeshi ya Wajerumani yalipochoma nafaka na mashamba ya Ungoni ili njaa imalize kilichosazwa na bunduki, waliosalimika hawakuwa na ghala jingine ila pori, na matunda, mizizi na uyoga wake.

Wataalamu wa mimea wameuita mti huu Uapaca kirkiana, kwa kumkumbuka John Kirk, tabibu aliyefuatana na Livingstone hata wakalifikia Ziwa Nyasa mwaka 1859, naye ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza huko Unguja zama za Sayyid Barghash. Heshima ambayo, kwa maoni yangu, haikuuongezea msuku utamu wowote. Mti wenyewe humea penye changarawe na udongo hafifu ambao mahindi yangeukataa, na siri yake iko chini ya ardhi, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na kuvu wanaoitafutia chakula. Na aghalabu uyoga tunaouokota chini ya misuku ni zao la kuvu wa namna hiyo. Ndiyo sababu miche ya bustanini hudhoofika isipochanganyiwa udongo uliochotwa chini ya misuku mikubwa. Fauka ya hayo, nyuki huyapenda maua yake, na majirani zetu wa Malawi na Zambia huyageuza matunda kuwa divai.

Walakini, kwa kuwa hakuna aliyeupanda, hakuna anayejiona mwenyewe wake. Tanuri za mkaa zinauhitaji, mabani ya tumbaku ya moshi yanahitaji kuni, na mashamba ya mahindi yanazidi kusonga mbele mwaka hata mwaka. Simlaumu mkulima anayetafuta riziki ya wanawe. Ninachomwomba ni kwamba akisafisha shamba abakize misuku michache, wala asiichague kwa kutazama matunda peke yake. Kwani miti hii ina dume na jike, kila mmoja mbali. Dume halizai abadan, na mwenye kulikata kwa kuliona gumba huenda akashangaa baada ya miaka akali kuona majike yake nayo yamepunguza kuzaa, asijue kwamba ameyaondolea mchavushaji kwa shoka lake mwenyewe.

Kupanda upya si kazi nyepesi, maana msuku wa mbegu huweza kumngojesha mtu miaka kumi na zaidi. Mche uliobebeshwa kikonyo cha mti mzazi huweza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na ujuzi huo umekwisha kujaribiwa Malawi, ng'ambo tu ya ziwa letu. Sioni kwa nini bustani zetu za miche zijae mikaratusi na misindano huku msuku ukikosa hata tuta moja.

Basi, mwenye azma ya kufyeka mwezi wa Agosti na aanze kazi yake mapema, misuku ingali na maua, yaani kati ya Januari na Aprili, akazunguke na chokaa na kuitia alama: mistari miwili kwa majike, mmoja kwa madume, ili vibarua watakapofika wajue ipi ya kuachwa.