Kujisomea Siasa Linganishi kwa Mtihani wa AP: Ugumu wa Kulinganisha

Siasa linganishi ni tawi la sayansi ya siasa linalochunguza tawala za nchi mbalimbali kwa kuzipambanua. Na mtihani wa AP wa somo hilo hutolewa kila Mei na College Board ya Marekani kwa wanafunzi wa sekondari, ukihusu China, Iran, Meksiko, Nijeria, Urusi na Uingereza. Maswali 55 ya kuchagua jibu hufanywa kwa dakika 60 na maswali 4 ya kuandika kwa dakika 90. Kuhudhuria darasa si sharti, ndiyo maana wako wanaojisomea.

Kikwazo chao kikubwa si uhaba wa vitabu, bali ni mazoea ya kuimaliza nchi moja ndipo waanze nyingine, hata Mei ikafika wakiwa na nchi sita zisizojuana. Mtahiniwa wa namna hiyo anajua kwamba Baraza la Walinzi la Iran, lenye wajumbe 12, huchuja wagombea, na kwamba mshindi wa urais Nijeria, mbali na kuwapita wenzake, sharti apate angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo 36 na eneo la Abuja. Akiulizwa jinsi kanuni hizo zinavyogusa uhalali wa utawala, yaani kukubalika kwake kwa wananchi, huandika aya mbili zisizokutana, ilhali alipaswa kuonyesha kwamba kanuni ya Nijeria humsukuma mgombea kutafuta kura nje ya kabila na eneo lake, wakati mchujo wa Iran hupunguza chaguo kabla ya kura yoyote kupigwa. Darasani mwalimu humkatiza mwanafunzi na kumuuliza tofauti hiyo imezaa nini. Anayejisomea hana wa kumkatiza. Haidaiwi hapa kwamba kukariri hakuna kazi, lakini inasikitisha kwamba kila mwaka ushauri anaopewa ni kuongeza kukariri.

Inapendekezwa, basi, kwamba ratiba ya kujisomea ipangwe kwa dhana, kama vile mihimili ya dola, vyama na uchaguzi, na kila dhana isomwe kwa nchi zisizopungua mbili kwa pamoja. Inapendekezwa pia kwamba kila jibu la mazoezi liwe na sentensi inayotaja nchi zote mbili na sababu ya tofauti yake, na lisahihishwe na mtu mwingine kwa kutumia miongozo ya usahihishaji ambayo College Board huitoa bila malipo. Shule zinazopokea watahiniwa wa nje zinaombwa ziwatafutie msahihishaji huyo mapema, tangu usajili wa Novemba, kwa sababu mazoea ya kusoma nchi mojamoja yakishakomaa hadi Aprili, muda wa kuyavunja huwa haupo.