Hukumu Ikiisha Kutolewa, Je, Korti Yaweza Kuombwa Tena?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama watokao Meru na Embu



Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalotusumbua sana sisi tuliotoka Meru na Embu kuja katika kazi ya reli. Njia ya gari moshi yaishia Nanyuki, haifiki kwetu. Kesi za mashamba husikilizwa nyumbani, na sisi tuko zamu mbali. Tunapopata habari, hukumu imekwisha kuandikwa, na jamaa wanasema, "Basi, imekwisha." Ndugu, si kila mara imekwisha.

Kwanza tutenganishe mambo matatu.

(1) Kosa la kalamu au la hesabu. Kama namba ya shamba imeandikwa vibaya katika hukumu, korti yaweza kuisahihisha wakati wo wote.

(2) Rufani. Hapo twasema hakimu amekosea katika kuamua, nasi twapanda korti ya juu. Kutoka kwa hakimu, siku ni 30 tu.

(3) Kuomba korti ile ile ipitie upya hukumu yake. Haya yamo katika Sheria ya Kesi za Madai, kifungu cha 80, na Kanuni za 2010, Amri ya 45. Milango ni mitatu: ushahidi mpya ulio mzito, ambao hatukuweza kuujua ijapokuwa tulitafuta kwa bidii; au kosa lililo wazi katika kumbukumbu za kesi, lisilohitaji mabishano marefu; au sababu nyingine ya kutosha. Kutoridhika peke yake si sababu.

Tena, mtu aliyekwisha kupeleka rufani hawezi kugeuka akaomba hukumu ile ipitiwe upya. Chagueni njia moja kabla ya kulipa ada.

Mwenzetu mmoja wa Embu alishindwa kesi ya shamba la baba yake. Baada ya mwaka mmoja aliikuta hati ya mapatano, yenye alama ya kidole gumba, ndani ya sanduku la marehemu. Tulifurahi, tukachanga fedha ya wakili. Jaji aliuliza neno moja: sanduku lilikuwa wapi siku zote? Lilikuwa chini ya kitanda chake mwenyewe. Ombi likakataliwa. Hati ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa mpya. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna na neno la Waziri. Katika sehemu zinazogawiwa kwa sheria ya ardhi ya 1968, asiyeridhika na uamuzi wa pingamizi lake hukata rufani kwa Waziri ndani ya siku 60, na uamuzi huo ni wa mwisho. Hata hivyo korti yaweza kuombwa, ndani ya miezi 6, itazame kama watu walisikilizwa kwa haki. Haitasema shamba ni la nani. Yaweza kufuta uamuzi ili jambo lisikilizwe tena.

Hata Korti Kuu Kabisa ya Kenya, isiyo na korti juu yake, ilisema mwaka 2017, katika kesi ya Outa na Okello, kwamba haikai kusikiliza rufani juu ya hukumu zake. Itazigusa kwa nadra tu, kama vile hukumu iliyopatikana kwa hila au udanganyifu.

Kwa hiyo, ndugu, tufanye hivi. Tuombe nakala ya hukumu mara moja. Tutafute karatasi zote kabla ya kesi, siyo baada yake. Tusikawie, maana korti hukataa ombi lililocheleweshwa bila sababu, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Tukumbuke pia kuomba hukumu isitekelezwe kwanza, kwa kuwa ombi peke yake halimzuii mshindi kuingia shambani.

Usiku wa leo, kila mmoja wetu alifungue sanduku lake.