Daftari la dagaa

(Haya ni mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima na wanakisomo wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya samaki wa ziwa letu. Mimi si bwana samaki. Kazi yangu ni kufundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini nimekulia karibu na mwalo, na ada yangu ya shule ilitoka katika dagaa waliokuwa wakianikwa na mama yangu. Kwa hiyo dagaa ni mlezi wangu, na mlezi akiugua lazima umwulizie hali.

Kila nikifika mwaloni nasikia ubishi ule ule. Mzee anasema, "Samaki wamekwisha. Zamani mtumbwi ulikuwa unajaa kabla jogoo hajawika." Kijana anamjibu, "Mzee, samaki wapo. Juzi tu tumepata beseni thelathini." Kila mmoja anaapa. Na kweli, hakuna mwongo kati yao. Shida ni kwamba wote wawili wanahesabu kwa kichwa. Kichwa cha mvuvi hukumbuka sana usiku wa kujaza, na husahau upesi usiku wa kurudi mikono mitupu.

Hebu kwanza tulitazame ziwa lenyewe.

Ziwa Tanganyika ni refu, karibu kilomita 670, na maji yake tunagawana nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal tu, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba samaki wa maji mengi namna hii hawawezi kupungua. Hapo ndipo tunapokosea.

Fikirini mchikichi mrefu wa mita 15. Sasa tuseme mchikichi huo ndio kina cha ziwa. Maji yenye hewa ya kuvuta samaki ni mita moja au mbili hivi za juu tu, pale penye makuti. Shina lote lililobaki, mpaka kwenye mizizi, ni maji yasiyo na hewa. Samaki hawezi kuishi humo. Kwa vipimo vya ziwa lenyewe, hewa inaishia mita 100 hivi huku kwetu kaskazini, na kusini inafika mita 200 na zaidi kidogo. Basi shamba letu ni jembamba. Ni ngozi tu ya ziwa.

Lakini shina lile la chini lina faida yake. Vitu vyote vinavyokufa juu huzama na kuoza, vikawa mbolea. Mbolea hiyo imetuama chini miaka na miaka. Inapandaje juu? Inapandishwa na upepo. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, kusi inavuma na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji baridi ya chini yanapanda kushika nafasi. Ni kama mama anavyokoroga uji uliotulia. Mbolea ikipanda, mimea midogo isiyoonekana kwa macho inaota majini. Vidudu vinakula mimea hiyo, dagaa wanakula vidudu, na mgebuka anakula dagaa. Sisi tunawala wote wawili.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mnajua mafuta ya mawese yanavyoelea juu ya mchuzi. Maji ya moto nayo hupenda kuelea juu ya maji baridi. Maji ya juu yakizidi kupata joto, upepo unashindwa kuyakoroga. Mwaka 1912 na 1913 daktari mmoja Mbelgiji, Louis Stappers, alipita katika ziwa hili akapima joto la maji. (Jina la kitaalamu la mgebuka limetokana na jina lake.) Miaka mingi baadaye wataalamu walipima tena wakalinganisha. Ziwa limepata joto. Taarifa zao zilitoka mwaka 2003, na baadhi yao walikadiria kwamba mimea ile midogo ilikuwa imepungua kwa sehemu 20 katika kila 100, na kwamba samaki wanaweza kuwa wamepungua kwa sehemu 30 katika kila 100. Mwaka 2016 wengine walitoa taarifa ya tope walilolichimba chini ya ziwa na kulisoma tabaka kwa tabaka, kama mtu anayefunua kurasa za kitabu. Waliona mabaki ya samaki yalianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza.

Nawaambia haya ili tusimtwishe mvuvi mzigo wote. Joto la dunia halikuletwa na mtumbwi wa Kibirizi wala wa Ujiji. Lakini nawaambia pia kwa sababu nyingine. Kama shamba lenyewe linatoa mazao machache kuliko zamani, kuvuna kama zamani ni kula mbegu. Nasi hatuvuni kama zamani, tunavuna zaidi. Mwaka 1995 wavuvi wa ziwa zima, katika nchi zote nne, walihesabiwa karibu 45,000. Mwaka 2011 walihesabiwa tena wakawa karibu 95,000. Ziwa halikuongezeka hata ndoo moja.

Nije kwenye kokoro. Najua hapa wengine watatazama chini. Msione haya, hata mimi nimelivuta. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunashika kamba jioni pamoja na wajomba, tunavuta mpaka mchangani, na malipo yetu yalikuwa sahani ya vidagaa vya kwenda navyo nyumbani. Vitamu sana. Hakuna aliyetuambia kwamba tumebeba watoto. Yule dagaa mkubwa zaidi, ambaye wengi wanamwita lumbu, hukua karibu na ufuko akiwa mdogo, mahali pale pale kokoro linapopita. Na chandarua kinachotolewa kwa ajili ya mbu ni kibaya zaidi, kwa kuwa matundu yake hayamwachi hata aliyezaliwa jana. Sheria imekataza kokoro. Lakini nikisema sheria tu mtaniona kama askari. Afadhali niseme hesabu. Dagaa huanza kuzaa akifika karibu sentimita 7, yaani kama kidole cha shahada cha mtu mzima. Aliye chini ya hapo bado hajaacha mtu nyuma yake.

Lumbu huyo, niwaambie kwa fahari, ametembea kuliko wengi wetu. Alichukuliwa katika ziwa hili akapelekwa Ziwa Kivu, miaka ya 1958 hadi 1960, na mwaka 1967 na 1968 akapelekwa Kariba, bwawa lililo kati ya Zambia na Zimbabwe. Huko amezaana na kuwalisha watu wengi. Ni samaki mwenye nguvu ya kuzaa akipewa nafasi.

Wavuvi wa ndoana nao wana neno lao. Mnamjua kuhe. Katika jamaa yake yote duniani hakuna mkubwa kama yeye. Kuhe dume na jike hukaa pamoja juu ya mchanga wakilinda watoto wao, wengi kama wingu. Wataalamu wanasema huzaa mara moja tu maishani. Wakiisha kulea, wamekonda na nguvu zimekwisha, hufa. Basi ukiwaona kuhe wawili wanazunguka mahali pamoja hawatoki, usifurahi haraka. Ukimtoa mmoja, samaki wengine watakuja kula wingu lile mpaka liishe. Tafuta kuhe anayetembea peke yake.

Na sangara wakubwa wa ziwa letu (si yule wa Ziwa Victoria, wao ni ndugu tu) wazee wanakumbuka jinsi walivyokuwa. Meli zenye nyavu kubwa za kuzungusha zilianza kazi upande wa kaskazini wa ziwa katika miaka ya 1950, na samaki hao wakubwa ndio waliopungua kwanza. Mkubwa hachukui muda mrefu kwisha. Kurudi ndiko kunakochukua muda.

Hapo tunafika kwenye jambo lililowaumiza wengi. Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi ulifungwa katika ziwa letu upande wa Tanzania mpaka tarehe 15 Agosti 2024, kufuatana na makubaliano ya nchi zile nne. Miezi mitatu bila dagaa katika mkoa wa dagaa! Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, samaki wakipumzika, na tumbo nalo litapumzika?" Sikuwa na jibu zuri, na hata leo sina la kumtosha.

Lakini maoni yangu nitayasema. Dagaa hukua upesi. Kutoka yai mpaka kuzaa hauishi mwaka. Kwa dagaa miezi mitatu ni sehemu kubwa ya maisha yake, kwa hiyo mapumziko yanamsaidia kweli. Kwa mgebuka yanasaidia kidogo. Kwa sangara mkubwa, anayehitaji miaka, ni kama kumpa mgonjwa kijiko kimoja cha dawa. Na kama siku ya kufungua kokoro nalo linafunguliwa, basi njaa ile tumeivumilia bure. Kufunga bila kulinda ufuko ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Sasa, ndugu zangu, mimi mwalimu nina nini cha kuwapa? Nina daftari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka hapa kijijini anaandika hata kiberiti alichokopesha. Sisi wenye ziwa hatuandiki. Basi kila mtumbwi uwe na daftari lake, na katika kila kikosi yuko mtu aliyemaliza kisomo. Piga mistari. Andika tarehe. Andika kama ni giza au mbalamwezi. Andika taa ngapi, watu wangapi, mafuta lita ngapi. Halafu andika beseni za dagaa na idadi ya migebuka. Mkitoka mkarudi bila kitu, andikeni 0. Sifuri hiyo ndiyo kichwa kinayoisahau. Mara moja kwa juma chukua dagaa kumi bila kuchagua, uwapime kwa rula, uandike wangapi hawajafika sentimita 7.

Faida yake? Tuseme mwaka wa kwanza ulikuwa na taa 4, ukapata beseni 20. Gawanya: kila taa imeleta beseni 5. Baada ya miaka michache una taa 10, na unapata beseni 20. Gawanya tena: kila taa imeleta beseni 2. Beseni ni zile zile ishirini! Kijana ataapa kwamba samaki wapo kama zamani. Daftari litamwonyesha kwamba taa moja imepoteza beseni 3, na kwamba betri na mafuta ndivyo vinavyokula faida yake. Hapo mzee na kijana wataacha kuapa, wataketi kuhesabu pamoja.

Na iko faida nyingine kubwa zaidi. Watu wakija kutoka wizarani kuuliza kama kufunga kumesaidia, ninyi mtajibu nini? Mkijibu "tunaona" au "tunasikia", wataandika wanavyoona wao. Lakini kamati yenu ya ulinzi wa samaki ya mwalo, ile BMU, ikiweka mezani madaftari ishirini ya kabla na baada ya kufunga, hakuna mkubwa atakayeyapita bila kuyafungua. Kama kufunga kumesaidia, yatasema. Kama miezi iliyochaguliwa haifai, yatasema pia.

Kulikuwa na maswali mengi. Nitaje mawili.

Mama mmoja anayeanika dagaa aliuliza, "Sisi tusioingia ziwani tuandike nini?" Nilimjibu: andikeni mlinunua beseni kwa bei gani, mliuza kwa bei gani, na ngapi zilioza. Masika dagaa wa mchangani huloa, huingia mchanga na kuharibika. Aliye na chanja hupata hewa chini na juu, hukauka upesi, na mvua ikija wanafunikwa haraka. Jaribuni nusu chanjani na nusu mchangani kwa mwezi mmoja, kila nusu ukurasa wake. Dagaa asiyeoza ni sawa na dagaa aliyevuliwa bila mafuta.

Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, daftari litakaaje mtumbwini na mawimbi haya?" Swali zuri kuliko yote. Lisiende ziwani. Libaki nyumbani, liandikwe asubuhi kabla ya kulala. Anayetaka kwenda nalo alifunge katika mfuko wa nailoni, na atumie kalamu ya risasi, kwa maana wino ukiloa huenda na maji. Tutakutana tena siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi imepumzika. Kila mtu aje na kurasa zake, hata kama ni mbili.