MBEGU ZA MWISHO WA KIANGAZI
(Maneno ya mwalimu mbele ya wazazi, Nyarugusu)



Wazazi wetu husimulia kwamba kule Fizi, Agosti ulikuwa mwezi wa kazi. Baba aliezeka nyumba upya, watoto walianika mihogo. Jioni moja kabla ya mvua, jamaa nzima ilikaa mkekani. Kibuyu cha maharagwe kilifunguliwa, majivu yakakung'utwa, mbegu zikachaguliwa. Zilizotobolewa na wadudu zilikwenda chunguni. Nzima zilirudi kibuyuni. Hakuna aliyezigusa, hata kwa njaa.

Walipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, kibuyu kilibaki. Desturi walikuja nayo. Hapa kambini, kila mwisho wa kiangazi tunakandika kuta, tunashona viraka kwenye sare za watoto kabla ya shule kufunguliwa Septemba, na tunachagua mbegu za bustani ya mlangoni.

Mwaka 2023, posho ilipopunguzwa, nyumbani kwetu tulizipika mbegu. Tuliona haya mbele ya watoto wetu. Mvua ya kwanza iliponyesha, jirani yetu, mama mjane, alituletea kikombe kimoja cha mbegu. Akasema, "Mtarudisha viwili." Tukarudisha.

Basi tunaomba kila nyumba yenye uwezo ilete kikombe kimoja kwa kamati, kitunzwe kwa ajili ya nyumba itakayolazimika kupika mbegu zake. Wahenga walisema, akiba haiozi.