Ganda la Risasi Lina Lake la Kusema

(Hotuba ya mwanachama wetu mmoja, askari wanyamapori mstaafu, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Mbegani, Bagamoyo)



Katibu aliniomba nizungumzie kazi ya porini, na najua wengi mnangoja habari za simba. Leo nitasema juu ya kitu kidogo kinachoingia kiganjani: ganda la risasi iliyokwisha kupigwa.

Ganda ni la shaba ya njano. Baruti inapowaka, gesi hulitanua ganda likabana ukuta wa mtutu, ili moto usirudi nyuma. Kichwa cha risasi kikishatoka, shaba hunywea kidogo na ganda hutoka bila taabu. Mgandamizo wa gesi ukizidi, shaba hainywei tena. Hapo ndipo dalili huonekana.

Ya kwanza, bolti huwa ngumu kufungua. Ya pili, fataki hubonyea ikawa bapa na kujaza tundu lake, au hutoboka ikaacha masizi. Ya tatu, kitako cha ganda hupata alama inayong'aa, pale shaba ilipoingia katika tundu la chuma kinachosukuma ganda nje. Ya nne, fataki hulegea na kudondoka.

Lakini tahadhari, ndugu zangu. Fataki bapa peke yake si ushahidi kamili, maana nyingine ni laini kwa asili yake. Wala kukosa dalili si cheti cha usalama. Mara nyingi dalili hujitokeza wakati kiasi kimekwisha kupita.

Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine: joto. Baruti iliyopata joto huongeza mgandamizo. Waingereza walilijua hili mapema. Mwaka 1911 kampuni ya Rigby ya London ilipotoa risasi ya .416, ililifanya ganda kuwa kubwa ili mgandamizo uwe chini hata katika nchi za jua kali.

Sasa niungame. Miaka ya 1980, Saadani ikiwa bado pori la akiba, mgeni mmoja alituachia pakiti ya risasi alizozijaza mwenyewe kwao, kwenye baridi. Niliziacha ndani ya Land-Rover juani toka asubuhi. Saa nane mchana nikampa mwenzangu ajaribu shabaha. Ya kwanza, bolti ikakwama. Akaipiga kwa kiganja ikafunguka. Nikaliokota ganda: fataki bapa, kitako kinang'aa. Nikalitupa. Nikamwambia, "Endelea, bunduki ina vumbi tu." Ya pili, gesi ilirudi nyuma ikampiga usoni. Jicho lake la kulia halikuona tena.

Mwenzangu huyo alisoma shule yetu hii. Ameketi safu ya mbele, na ndiye aliyeniambia, "Kaseme, vijana wasikie."

Basi nasema. Risasi iliyojazwa na mtu usiyemjua, usiipige. Usiziache risasi juani. Bolti ikikwama, usiipige kwa nyundo wala kiganja: acha, elekeza mtutu pasipo na watu, muite fundi. Ukiona dalili moja, risasi zote za pakiti ile zikabidhiwe mhusika wa silaha. Na asiwepo wa kujaza risasi nyumbani. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni.

Wazee wetu wenye gobore walishindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Gobore halina ganda, kwa hiyo halikuwapa onyo; mtutu ulipasuka tu. Mimi nilipewa onyo, nikalitupa majanini.