Dawa ya Kwanza Ikishindwa, Mgonjwa Asiachwe

Leo tunazungumza juu ya pemfigasi, ugonjwa wa ngozi. Wanaoupata ni wachache, lakini nyumba ikiingiliwa hulemewa.

Mara nyingi huanza na vidonda vya mdomoni visivyopona. Kisha malengelenge hutokea mwilini, hupasuka, na ngozi hubanduka kama ya mtu aliyeungua. Wengine husema amerogwa, wengine humtengea kikombe chake. Sivyo! Hauambukizi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya magonjwa, imegeuka na kushambulia kinachoshikanisha ngozi.

Daktari huanza na prednisoloni, mara nyingi pamoja na azathiopirini. Wengi hupata nafuu. Lakini wako ambao malengelenge hayakomi, au dawa yenyewe inawaletea sukari, presha na mifupa dhaifu. Hapo mtu hukata tamaa, akatupa vidonge. Hiyo ni hatari kubwa! Prednisoloni iliyotumiwa muda mrefu ikikatwa ghafla yaweza kuua. Hupunguzwa polepole, tena na daktari.

Je, njia imefika mwisho? La. Iko dawa ya dripu iitwayo rituksimabu. Mwaka wa 2007 madaktari wa Ufaransa walieleza habari za wagonjwa 21 ambao dawa za kawaida ziliwashinda au hawakuweza kuzitumia. Miezi 3 baada ya matibabu hayo, 18 walikuwa wamepona ngozi. Baadaye 9 walirudiwa, kwa hiyo kliniki haiachwi. Ni dawa ghali, na kwanza mgonjwa hupimwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B.

Sasa kikundi kifanye nini?

1. Msindikizeni mpaka hospitali kubwa yenye daktari wa ngozi. Abebe karatasi na dawa zake zote.

2. Hakikisheni malipo yake ya SHA hayajakatika, na muulize mapema italipia nini. Kinachobaki kifanyiwe harambee.

3. Nyumbani apate shuka laini na safi, uji na vyakula laini. Vidonda visipakwe majivu wala majani. Akipata homa au vidonda vikitoa usaha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkirudi nyumbani, ulizeni: ni nani kijijini kwetu amejifungia ndani kwa sababu ya ngozi yake? Mwendeeni wiki hii.